Maneno ya Mwisho ya Kompyuta: Kasoro, Hitilafu na Anguko katika Kerneli

Kasumulu ni mji wa mpakani katika wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya. Kando yake unapita mto Songwe, na ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Malawi. Barabara itokayo Uyole hupitia Tukuyu, ikateremka katika bonde la joto na mvua nyingi lilimwalo mpunga na kakao, hata ikafika darajani. Wenyeji wa upande huu ni Wanyakyusa na wa upande wa pili ni Wangonde, ambao usemi wao umekaribiana hata wataalamu wa lugha za Kibantu huuhesabu kuwa lugha moja yenye lahaja. Walakini madereva, makarani na mawakala wa forodha hutoka mikoa mingi, na lugha inayowaunganisha kwa upande wa Tanzania ni Kiswahili.

Katika kituo cha namna hii mizigo iliyokuwa zamani ikipitishwa kwa karatasi na muhuri, siku hizi hupitishwa kwa kompyuta. Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kuutumia mfumo wa forodha uitwao TANCIS mwaka 2014. Basi ichukuliwe kwa mfano kwamba kompyuta ya ofisi moja ya mpakani imesimama ghafula wakati malori yamepanga foleni. Karani anampigia simu fundi aliye Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na kumwambia, "Fundi, kompyuta imekufa." Fundi naye anauliza, "Imekufaje?"

Swali hilo la fundi ndilo shina la makala haya. Ni swali la ufundi, kwa kuwa jibu lake hutegemea ushahidi ambao mashine yenyewe imeuacha. Tena ni swali la lugha, kwa kuwa ushahidi huo haumfikii fundi ila kwa maneno ya mtu. Ikiwa mashine haikusema neno, au ikiwa imesema lakini msikilizaji hana maneno ya kuupokea usemi wake, matokeo ni mamoja: malori yataendelea kungoja.

Maneno manne ya kufa

Watu husema kompyuta "imekufa" kwa maana nne zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kuzimika: umeme umekatika, na mashine haina kosa. Ya pili ni kuganda: taa inawaka na picha ipo, lakini mashine haiitikii kidole. Ya tatu ni kuanguka: mashine imesimama kwa amri yake yenyewe na kuandika taarifa kwenye kioo. Ya nne ni kujiwasha upya: imeanguka, kisha ikarudi kabla mtu hajawahi kusoma lo lote.

Kila neno katika haya humpeleka fundi njia yake. Kuzimika humpeleka kwenye waya na betri. Kuganda humfanya ashuku kwamba sehemu mbili za programu zinangojeana, kila moja ikiwa imeshika kitu anachokitaka mwenziwe. Kuanguka humfanya aulize taarifa ilisema nini. Kujiwasha upya humfanya atafute kama taarifa ilihifadhiwa mahali po pote. Kwa hiyo karani ajuaye kuyatenga maneno haya manne ameifanya nusu ya kazi ya uchunguzi kabla fundi hajagusa cho chote.

Kerneli na sababu ya kusimama

Kila kompyuta, na kila simu ya kisasa, huwa na programu moja iliyo chini ya programu nyingine zote. Hiyo ndiyo igawayo kumbukumbu, ipangayo zamu za kazi, na kuzungumza na vifaa kama diski na kioo. Programu hiyo huitwa kerneli, na Kiswahili chaweza pia kuiita kiini, kwa mfano wa kiini cha mbegu au cha yai. Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ndiyo iliyo ndani ya simu za Android. Kwa hiyo dereva wa lori asubiriye darajani huenda anayo kerneli mfukoni mwake bila kujua.

Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huiondoa na nyingine zikaendelea. Lakini kerneli yenyewe ikikosea, hapana aliye juu yake wa kuiondoa. Ikigundua kwamba hesabu zake za ndani haziaminiki tena, hapana budi ichague: ama iendelee na kuhatarisha kuandika uongo katika diski, ama isimame. Katika mashaka makubwa husimama. Kusimama huko ni ulinzi wa hati zilizokwisha kuandikwa, hata kama anayeutazama mbele ya kioo anauona kuwa ni msiba.

Mafundi wa Kiingereza walikiita kitendo hicho "panic", yaani taharuki, na jina hilo limeenea. Kwa mtazamo wa lugha jina hili lina dosari, kwa sababu taharuki ni kutenda bila kufikiri, na kerneli hapo imetenda jambo lililopangwa kwa makini na watu waliokaa wakafikiri. Linux ina pia daraja iliyo chini yake iitwayo "oops", ambayo ni mguno tu, kama Mswahili asemavyo "Lo!" Hapo kerneli huiua kazi iliyoleta matata, huandika taarifa, na hujaribu kuendelea. Tofauti ya mguno na kusimama yafaa ihifadhiwe katika Kiswahili pia, kwa kuwa mashine iliyoguna bado yaweza kutoa ushahidi mzima, na iliyosimama haina ila ule ilioutoa kabla ya kusimama.

Kasoro, hitilafu na anguko

Mwaka 2004 Algirdas Avižienis, Jean-Claude Laprie, Brian Randell na Carl Landwehr walichapisha makala iliyopanga istilahi za mashine za kutegemewa. Walitenga mambo matatu. La kwanza ni upungufu uliolala ndani ya mashine, ambao waweza kukaa miaka bila kudhuru. La pili ni hali isiyo sahihi inayozuka ndani pale upungufu ule unapoguswa. La tatu ni huduma kushindwa mbele ya mtumiaji. La kwanza huzaa la pili, na la pili huzaa la tatu. Lakini si kila mara, wala si papo hapo.

Kiswahili kina maneno yafaayo kwa mambo haya, ingawa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kasoro, lenye asili ya Kiarabu, ni upungufu. Maana hiyo huonekana wazi katika kutaja saa, mtu asemapo saa tatu kasoro robo. Hilo lafaa kwa jambo la kwanza. Hitilafu, ambalo katika Kiarabu ni kutofautiana, lafaa kwa jambo la pili, kwa sababu hali ya ndani ya mashine imetofautiana na ile iliyopasa kuwa. Anguko lafaa kwa la tatu, kwa kuwa ndilo lionekanalo na wote. Neno kosa ni la Kibantu, na maana yake ya asili ni kutopata, kama mshale ukosavyo shabaha. Lakini katika matumizi limeelekea kwa mtu na lawama yake. Yafaa liachiwe kazi ya mwandishi wa programu aliyekosea, lisitumiwe kwa hali ya mashine.

Faida ya kuyatenga maneno haya yaonekana katika tukio la tarehe 19 Julai 2024. Asubuhi hiyo, saa 1 na dakika 9 kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma faili jipya kwa mashine za wateja wake zitumiazo Windows. Faili lilirudishwa saa 2 na dakika 27, lakini kwa kadirio la Microsoft mashine zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Viwanja vya ndege, hospitali na mabenki ya nchi nyingi yaliathirika.

Kasoro ilikuwamo tangu mwezi wa Februari mwaka huo. Sehemu moja ya programu ile ya ulinzi ilieleza kwamba itapewa mambo 21, lakini sehemu iliyoiita ilitoa 20. Kwa miezi kadhaa haikudhuru, kwa kuwa jambo la 21 halikuwahi kuulizwa. Faili jipya lilipoliuliza, programu ilisoma kumbukumbu iliyo nje ya mpaka wake. Hiyo ndiyo hitilafu. Na kwa kuwa programu hiyo ilifanya kazi ndani ya kerneli, kerneli ilisimama. Hilo ndilo anguko. Mtu aliyetazama kioo cha buluu aliweza kudhani kwamba Windows ndiyo iliyokosea, hali jina la faili la CrowdStrike liliandikwa hapo hapo kwa herufi ndogo. Anguko lilikuwa la mwenye nyumba, na kasoro ilikuwa ya mgeni aliyeruhusiwa kulala chumba cha ndani.

Tena jambo hili lina fundisho kwa mahali palipo mbali. Mashine nyingi zilianguka kila zilipowashwa, kabla ya kuweza kupokea dawa kwa njia ya mtandao. Ilibidi mtu afike kwenye kila moja, aiwashe kwa namna ya usalama na kulifuta faili lile kwa mkono. Kwa ofisi isiyo na fundi, mkono huo ni wa karani, na ufundi wake ni maneno anayoyasikia kwenye simu.

Jinsi ushahidi ulivyotengenezwa

Taarifa ya anguko haikuwa nzuri tangu mwanzo. Katika miaka ya 1990 kerneli ya Linux ilipoanguka iliandika anwani za kumbukumbu tu, yaani nambari ndefu za msingi wa kumi na sita. Mtumiaji alizinakili kwa kalamu kutoka kwenye kioo, kisha akatumia programu nyingine iliyolinganisha nambari hizo na orodha ya majina. Orodha ikiwa ya toleo jingine la kerneli, hata lenye tofauti ndogo, majina yaliyotoka yalikuwa ya uongo, na fundi alipelekwa kuchimba mahali pasipo na kitu. Hiyo ni hatari ijulikanayo na kila mfasiri: kamusi isiyo ya lahaja ile hutoa jibu lenye sura ya ukweli.

Marekebisho yalikuwa ni kuiweka orodha ndani ya kerneli yenyewe, ili itaje majina wakati ule ule wa kuanguka. Jambo hilo lilikuwamo katika toleo la 2.6, lililotolewa Desemba 2003. Umuhimu wake uliongezeka baadaye kerneli zilipoanza kujipanga mahali tofauti katika kumbukumbu kila zinapowashwa, ili kuwachanganya wavamizi; tangu hapo anwani tupu ya leo haina maana kesho, lakini jina pamoja na umbali kutoka mwanzo wa jina hubaki na maana.

La pili ni nyayo. Kijisehemu cha programu huitwa na kingine, nacho kiliitwa na kingine, na mfuatano huo ukisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo huonyesha njia iliyoifikisha mashine katika hitilafu. Kuzisoma nyayo hizi si rahisi, kwa sababu katika kumbukumbu nyayo za safari hii huchanganyika na za safari zilizopita. Linux iliweka alama ya kuuliza mbele ya jina lisilo na hakika, jambo la uaminifu mkubwa, maana shahidi ameeleza palipo na shaka yake. Katika toleo la 4.14, la Novemba 2017, iliongezwa njia mpya ya kuzisoma nyayo kwa uhakika zaidi bila kuipunguzia mashine mwendo wake wa kawaida.

La tatu ni alama ya kuchafuka. Kerneli huandika katika taarifa yake kama iliwahi kuingizwa sehemu isiyotoka kwa watengenezaji wake, au kama imekwisha kuguna kabla ya anguko hili. Alama hiyo haimhukumu mtu. Humwambia msomaji ni kwa kiasi gani ushahidi unafaa kuaminiwa.

La nne ni picha nzima ya kumbukumbu. Kerneli iliyoharibika haifai kuaminiwa kuandika katika diski, kwa kuwa yaweza kuandika mahali pabaya. Toleo la 2.6.13, la Agosti 2005, lilileta ufumbuzi: kerneli ndogo ya pili huwekwa tayari katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa. Ya kwanza ikianguka, ya pili huanza kazi bila mashine kuzimwa, ikanakili kumbukumbu ya marehemu na kuihifadhi. Gharama yake ni ile sehemu iliyotengwa, ambayo siku zote haitumiki kwa kazi nyingine. Kuna gharama nyingine isiyo ya fedha. Picha hiyo ina kila kitu kilichokuwamo katika kumbukumbu, hata nywila na hati za wafanyabiashara. Kwa hiyo haifai kupelekwa kwa fundi ye yote bila ulinzi.

Kwa ofisi ndogo iliyo mbali, msaada mkubwa zaidi huenda ukawa ni mdogo zaidi. Tangu mwaka 2011 Linux ina njia ya kuyaweka maneno ya mwisho katika hifadhi ndogo isiyofutika mashine inapojiwasha upya, ikiwa mashine ina hifadhi ya namna hiyo. Na katika toleo la 6.12, la Novemba 2024, kerneli iliwezeshwa kuionyesha taarifa yake kwa mchoro wa miraba wa QR, ambao karani huupiga picha kwa simu na kuutuma. Nambari zilizokuwa zikinakiliwa kwa kalamu sasa hufika bila kukosewa herufi. Windows nayo iliweka mchoro wa namna hii katika kioo chake cha anguko mwaka 2016, lakini kazi yake ilikuwa ni kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa maelezo ya jumla, hali ule wa Linux huubeba ushahidi wenyewe. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana: mmoja humwambia mgonjwa aende akasome kitabu cha maradhi, na mwingine humpelekea daktari habari za mgonjwa huyu.

Lugha ya taarifa

Hapo lazuka swali linalowahusu wanalugha hasa: je, taarifa ya kerneli itafsiriwe kwa Kiswahili? Kazi ya kukiingiza Kiswahili katika kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na tangu hapo istilahi nyingi zimebuniwa. Walakini taarifa ya anguko si kama orodha ya amri za programu ya kuandikia barua.

Kwanza, kerneli inayokufa haina nafasi wala uhakika wa kutafuta tafsiri. Kila kazi ya ziada wakati huo yaweza kuwa ndiyo ya kuunyamazisha ushahidi. Pili, maneno yale ni kitambulisho. Fundi wa Dar es Salaam hulinganisha mstari mmoja wa taarifa na mistari iliyokwisha kuonekana Nairobi, London au Tokyo. Ukitafsiriwa, ulinganisho huo umekatika. Kwa sababu hizi maneno ya mwisho ya mashine yafaa yabaki kama yalivyo, kama hakimu ahifadhivyo maneno ya shahidi kwa lugha aliyoyasema.

Ila shahidi huhitaji mkalimani, na kazi ya Kiswahili iko hapo. Karani hahitaji tafsiri ya kila nambari. Ahitaji kujua alitazame neno gani, alihifadhi vipi, na asifanye nini. Maelekezo ya namna hiyo yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani kando ya mashine. Yamwambie kwamba taarifa ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa zaidi, kwa kuwa zifuatazo mara nyingi ni matokeo yake. Yamwambie asiizime mashine kabla ya kupiga picha, na kama mashine inanakili kumbukumbu yake, asiikatize. Yamtake aseme kama imezimika, imeganda, imeanguka au imejiwasha upya, na ataje jambo gani jipya liliingizwa karibuni. Haya yote Kiswahili chayasema bila kuazima neno moja gumu.

Mtindo wa siku hizi wa kukipunguzia kioo maneno waweza kuleta hasara katika jambo hili. Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, kioo cha buluu kilipewa uso wa huzuni na maneno machache, na nambari nyingi za zamani zikaondolewa. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza kwamba rangi yenyewe itakuwa nyeusi, na pamoja na hayo kwamba jina la sehemu iliyoleta anguko litaonyeshwa wazi zaidi. Upole wa maneno ni jambo jema kwa mtu aliyeshtuka; lakini kusema tu kwamba mashine imepatwa na tatizo ni kulitaja anguko na kuificha hitilafu. Taarifa njema huwa na sehemu mbili: ya juu ni fupi na ya upole kwa aliye mbele ya kioo, na ya chini ni kamili kwa atakayechunguza, wala ya kwanza haifichi ya pili.

Kwa watunga istilahi, basi, kazi iliyo mbele si ya kutafuta majina ya vitu tu. Neno "kompyuta imekufa" lina ukweli, ila ukweli wake hautoshi kumwelekeza mtu. Lugha itakayomwezesha karani wa Kasumulu kusema kwamba mashine imeanguka baada ya kuingizwa programu mpya, kwamba hitilafu imetajwa katika jina fulani, na kwamba kasoro bado haijajulikana, imempa fundi mahali pa kuanzia. Tena imemwepushia karani lawama ya kosa asilolitenda, jambo ambalo katika ofisi si dogo. Maana pasipo ushahidi, mara nyingi anayelaumiwa ni yule aliyekuwa ameketi mbele ya mashine.